Rivyu: kufanya kazi ajensi ya matangazo Dar, mazuri yake na yale ambayo kwenye intavyuu hawakwambii

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama mshahara ungekua unaingia tarehe inayoeleweka, ya tano sijui ajensi gani hapa mjini ya kuipa. Naandika kwa sababu kila vyuo vikifunga napata meseji za wadogo zangu wa mass komu na masoko, "dada habari, nimeona ulikua ajensi, vipi niombe?" na kujibu mmoja mmoja nimechoka, kwahiyo hii hapa, someni wote kwa pamoja.

Jina la ofisi silitaji. Wanaojua watajua, na wala sio hoja maana nikikaa na wenzangu waliopita ajensi nyingine stori ni ileile, inabadilika rangi ya geti tu. Ni ajensi ya saizi ya kati, Mikocheni, nyumba ya kuishi watu iliyogeuzwa ofisi, sebuleni wamekaa watu wa kuhudumia wateja, chumba kikubwa ndo bosi, vyumba vya watoto ndo dizaini, jikoni ni jikoni kweli na kuna mama anapika. Mi nilikua kopiraita, yaani yule anayeandika maneno: redio, bilibodi, meseji za promosheni, kapsheni za Instagram, hotuba ya MC, hadi kadi ya krismasi ya mkurugenzi wa mteja. Niliingia nikitokea chuo cha SAUT Mwanza, fildi kwanza, alafu wakanibakiza.

Nianze na uzuri maana upo, na ni mkubwa.

Utajifunza haraka kuliko sehemu yoyote. Kampuni ya kawaida ukiajiriwa idara ya masoko unakaa na bidhaa moja mwaka mzima, ajensi asubuhi unaandika sabuni, mchana bima, jioni mbolea ya wakulima wa Njombe, na kote huko lazima ujue mtu ananunuaje, dukani anaombaje, kipimo chake ni kipi, nani mwenye uamuzi wa hela nyumbani. Mbolea peke yake ilinifundisha kwamba tangazo likitoka baada ya mvua kuanza umeshachelewa, mkulima kashanunua au kashakosa hela, kwahiyo kazi ya msimu inaanza kuandikwa wakati huku Dar bado jua linawaka na hakuna anayewaza shamba.

Na redio. Aisee redio ndo shule yenyewe. Watu wanadhani kuandika tangazo la sekunde 30 ni kitu cha dakika tano. Sekunde 30 ni chache balaa, salamu na utani wa kuanzia vimekula zako, jina la bidhaa lazima litajwe na lirudiwe, bei, inapatikana wapi, alafu mwishoni lazima ibaki nafasi ya "vigezo na masharti kuzingatiwa" ambayo mtu wa sauti anaisoma kama anafukuzwa na mbwa. Ukikaa ukahesabu kilichobaki cha kuuzia bidhaa ni sentensi tatu. Skripti nyingi zilikua zinatoka Nairobi, ofisi kubwa za ukanda huu wa Afrika Mashariki zipo kule, zinakuja zimeshapitishwa kwa kiingereza, mteja anasema "muiweke tu kwa kiswahili". Ukiiweka tu, sekunde 30 zinakua 40 na kitu na studio wanakurudisha. Kwahiyo unaitupa unaanza upya, unajiuliza yule mama wa Mbagala anayekaanga vitumbua redio ikiwa dirishani, kelele za mafuta na za watoto, atashika nini hapo.

Tulikua na mzee mmoja mkuu wa kriativu, kazi hii ameifanya tangu enzi ambazo redio binafsi ndo zinaanza miaka ya 90. Huyu hasomi skripti yako. Anakwambia simama, isome kwa sauti, yeye kafumba macho ana saa mkononi. Ukifika sehemu ukavuta pumzi katikati ya sentensi anafungua jicho moja, "hapo umekosa pumzi, na wa studio ataikosa hapohapo, kata." Unakata. Unasoma tena. "Huyo anayeongea ni nani?" Unasema ni shangazi. "Shangazi yako anasema 'suluhisho la mahitaji yako'?" Hasemi mzee. "Basi mrudishe shangazi yako nyumbani kwanza ndo uje." Ukipita mikononi mwa mtu kama huyu hata miezi michache, uandishi wako hauwi tena wa chuo. Kwa ajili yake peke yake nyota moja kati ya zile tatu ni yake, ofisi isijisifie.

Kitu kingine kizuri ni kutoka nje. Rodishoo. Fuso limebandikwa picha za bidhaa, spika, jenereta, MC, wadada na wakaka wa promo wenye fulana, mtu wa mixa, na wewe mwenye daftari la skripti ambayo MC ataifuata kwa dakika mbili za kwanza alafu anaanza ya kwake. Kabla ya hapo kuna mzunguko wa vibali, manispaa, ofisi ya serikali ya mtaa, barua polisi, muziki una mambo yake ya hakimiliki, na mwenyekiti wa mtaa ambaye barua kaipokea ila anataka aje mtu amueleze kwa mdomo. Hii hawafundishi chuo. MC mzuri anajua adhana ya eneo lile inaanza saa ngapi, dakika mbili kabla anashusha muziki mwenyewe bila kuambiwa, na huyo ndo watu wanamsikiliza muziki ukirudi. MC mbaya anasubiri apigiwe kelele. Na fulana, msicheze na rangi za fulana hapa nchini. Kuna klaienti alileta fulana nyekundu tupu bila kufikiria, tukaambiwa kesho mnaanzia Jangwani, dada mmoja wa promo ambaye ni Yanga damu akagoma kuvaa kabisa, "bosi mi huku ndo nyumbani, nikivaa hii baba yangu atanionaje?" Ikabidi apewe kazi ya kugawa vipeperushi na shati lake mwenyewe.

Alafu droo. Promosheni ya kushinda kitu kwa bahati nasibu huwezi kujiendea tu, unaomba kibali Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na siku ya kuchezesha mwakilishi wao anakuwepo pale mezani anaangalia kila kitu kiende sawa. Mbele ya kamera mnampigia mshindi, spika imewashwa, wote tumekaa vizuri, zawadi ni bajaji mpya kabisa.

"Habari yako mama, naongea na mama fulani wa Tabora?"

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Mama hongera sana, umeshinda bajaji!"

Kimya kidogo. "Mwanangu," anasema kwa upole kabisa, "jana walinipigia nimeshinda milioni kumi. Kaa na bajaji yako, Mungu akutunze." Kakata.

Yule ofisa wa bodi kaangalia chini anaandika kwa nguvu ili asicheke. Tukapiga tena, hapokei. Mwisho ikabidi tumtafute kupitia duka aliponunua, mwenye duka ndo akamwambia pokea mama ni kweli. Siku kama hizo unasahau kabisa kwamba tarehe 4 mshahara bado haujaingia.

Sasa tuingie kwenye yale mengine.

Riveti. Kama hujui neno hili utalijua wiki ya kwanza. Ni marekebisho ya mteja, yanakuja kwa imeili kama mteja ni mstaarabu, kwa WhatsApp saa tatu usiku kama ni wa kawaida. "Dada za jioni, pole na majukumu, kuna kamarekebisho kadogo tu." Hako kadogo ndo katakulaza ofisini. Mfano mmoja niutoe maana ulinikaa. Kazi ya benki, picha ya familia, baba anamkabidhi mama hela ya matumizi sebuleni, watoto wanatabasamu, ukutani kuna kalenda na saa. Picha imepigwa kwa siku nzima, wahusika wamelipwa wameondoka, imepitishwa na mteja ngazi mbili, kesho asubuhi faili linaenda kuchapwa kwa ajili ya bilibodi. Usiku bosi wa benki kaiangalia nyumbani na mkewe, mkewe kauliza mbona baba anatoa hela kwa mkono wa kushoto.

Na kweli ni wa kushoto. Watu wote wale hakuna aliyeona, na mwenye haki ni yule mama, ukibandika bilibodi ya hivo barabara ya Bagamoyo watu watakuongelea wiki nzima, anampaje mkewe hela kwa kushoto kama anamfukuza. Dizaina wetu akasema rahisi, nageuza picha, kushoto inakua kulia. Akageuza. Baba kapona, ila sasa kalenda ukutani inasomeka kinyume, saa imekua saa ngapi sijui, vifungo vya shati vimehamia upande wa kike, na mtoto ana maandishi kifuani yanasomeka kama kiarabu. Tukakaa. Anabandua kalenda anaibandika upya, anafuta maandishi ya fulana herufi moja moja, mi sina kazi yoyote ya maneno pale lakini huwezi kuondoka umuache mwenzako, kwahiyo nanunua chipsi mayai nje na namsomea kwa nyuma, "bado saa". Tumetoka mtaa umelala. Asubuhi saa tatu kikao kama kawaida.

Sheria inasemaje: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, ya ziada kwa makubaliano na yasizidi 50 kwa wiki nne, na yanalipwa mara moja na nusu. Kuna na nyongeza ya usiku asilimia 5. Pale kwetu sikuwahi kuona mtu kalipwa masaa ya ziada hata siku moja. Ulikua unapewa Bolt ya kurudi nyumbani ukipitisha saa mbili usiku, ambayo ni jambo jema na nilishukuru, hadi siku ilipotoka imeili kwamba bajeti imebana kila mtu ajipange. Alafu kuna hili ambalo nilikuja kulielewa baadaye, yale masaa ya kisheria hayamhusu mtu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti kwa uongozi wa juu. Sasa angalia ajensi zilivyo na mameneja. Meneja wa akaunti, meneja wa mitandao, meneja wa trafiki (yaani wa kupanga foleni ya kazi), pale kwetu mtu ana umri wa miaka 24 hana hata mwanafunzi wa fildi chini yake ni meneja. Sisemi ni makusudi, nasema angalia. Jina la meneja peke yake halikutoi kwenye sheria, lazima uwe unasimamia watu kweli, kwahiyo wakikupa hicho cheo badala ya nyongeza ya hela, pokea cheo ila ujue.

Mshahara wenyewe. Wengi mnauliza shilingi ngapi, niwape hesabu ya ukweli maana kwenye ofa leta wanaandika ile ya juu. Chukua 850,000, ambayo kwa kopiraita wa mwanzo pale ilikua inaonekana nzuri. NSSF asilimia 10 inatoka kwako, 85,000. Kodi ya mshahara kwa viwango vilivyokuwepo nikiwa pale inahesabiwa kwenye 765,000 iliyobaki, inakuja 69,250. Kama ulisoma kwa mkopo wa bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 127,500. Umebaki na 568,250. Kodi ya chumba, nauli ya kwenda na kurudi Mikocheni, bando maana ya ofisi ni ya mawazo, na nguo za kukutana na wateja. Ukiambiwa laki nane na nusu usianze kupanga laki nane na nusu.

Lakini kiasi sio tatizo kubwa, mtu unaweza kuishi na kidogo kinachokuja kwa tarehe. Tatizo ni tarehe. Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu nilikaa miaka nikidhani bosi ana roho mbaya, kumbe jambo lina mfumo wake, na sasa hivi niko upande wa mteja, idara ya masoko, nauona ule mfumo kwa nyuma.

Iko hivi. Mteja anataka kampeni. Anatoa LPO, yaani oda ya maandishi ya kununua huduma, au anasema anza LPO inakuja. Ajensi inaanza. Redio za mikoani nyingi hazikujui, zinataka hela kwanza ndo spoti, yaani matangazo yenyewe, ziende hewani. Meta na Google wanakata kwenye kadi palepale. Wadada wa promo wanataka posho, dereva wa Fuso anataka mafuta leo. Bilibodi mwenye nayo anataka malipo ya awali. Zote hizo zinatoka mfukoni mwa ajensi au mkopo wa benki. Kampeni ikiisha ndo invoisi inaenda, na mkataba na kampuni kubwa unasema tunalipa baada ya siku 60, wengine 90, na hizo siku hazianzi tarehe uliyoandika invoisi, zinaanza siku idara ya fedha ilipoigonga mhuri imepokelewa. Huku nilipo sasa nimeona invoisi ya ajensi imekaa mezani kwa sababu mwenye saini ya pili yuko likizo. Hakuna aliyeikataa. Iko tu hapo, chini ya chaja ya simu ya mtu.

Wakati huo TRA haisubiri. Umetoa invoisi ya milioni 50, juu yake kuna VAT asilimia 18 ambayo ni milioni 9, na ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukishatoa ile uliyolipa wewe kwenye manunuzi yako, inayobaki unalipa, haijalishi mteja kakulipa au bado. Yaani ajensi inalipa kodi ya hela ambayo haijaiona. Alafu siku mteja anapolipa anazuia asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma, milioni mbili na nusu, unapewa cheti badala ya hela. Ni halali yote, na utaidai kwenye hesabu za mwaka, ila mwezi ule imeondoka.

Sasa panga foleni ya wanaoidai ajensi. Redio isipolipwa inakata spoti, mteja anaona. Jenereta isipopata mafuta inazima. TRA wana riba na adhabu. Benki ina dhamana ya nyumba ya bosi. Mfanyakazi asipolipwa tarehe 28... tarehe 29 anakuja kazini. Anakuja na tarehe 5. Anakuja amenuna lakini anakuja, na riveti anafanya. Ndo maana yuko wa mwisho kwenye foleni. Kwahiyo mishahara ya ajensi ndogo na za kati ndo mtaji unaoendesha kampeni za makampuni makubwa, sisi wa laki tano na kitu tunaikopesha kampuni yenye faida ya mabilioni kwa siku 90 bila riba, na hakuna anayelijua hilo kwenye ule ukumbi wa hoteli wanapopeana tuzo.

Dalili utazijua. Mhasibu anaanza kufunga mlango. Kikao cha jumatatu bosi anaanza kwa maombi marefu kuliko kawaida. Jikoni nyama inageuka maharage, na mama anakujibu "leo maharage mwanangu, yana afya," ukirudi kesho ni maharage tena basi jua LPO imekwama. Baadae mshahara unakuja nusu, nusu nyingine "wiki ijayo". Na kitu kibaya zaidi ya kuchelewa ambacho wengi hawakiangalii, slipu inaonyesha NSSF imekatwa, bodi ya mikopo imekatwa, ila huko hazijafika. Kwetu ilitokea, kuna miezi ilikua na mashimo, zilipelekwa baadae baada ya watu kupiga kelele kwa pamoja. Ombeni taarifa zenu NSSF kila baada ya muda, ni bure, msisubiri siku mnaacha kazi, na bodi ya mikopo vilevile maana deni linakaa palepale wakati kwenye slipu unaona umelipa.

Wanaoumia kuliko sisi ni wale wa promo. Sisi tuna mkataba. Yule dada aliyesimama juani Tandika siku nzima na viatu vya kampuni ambavyo sio saizi yake, posho yake akiambiwa "tutawatumia ikitoka kwa mteja", hana slipu, hana karatasi, ana kundi la WhatsApp tu na siku moja anatolewa kundini. Hili sitalisahau na ndo limenizuia kutoa hata nusu nyota ya ziada.

Pichi nitaisema kwa kifupi maana inaniudhi. Kampuni kubwa inaita ajensi kadhaa zishindanie kazi, mnaandaa mkakati, matangazo ya mfano, bajeti, jingo (kale kawimbo ka tangazo), mnalala ofisini, bure, hakuna anayelipwa kushindana. Mkishinda ni shangwe na pilau. Mkishindwa mnapewa imeili ya mistari mitatu. Kuna moja tulishindwa, baada ya miezi nikasikia kwenye daladala tangazo ambalo wazo lake lilikua linafanana na letu kiasi kwamba nilitamani kuwaambia abiria. Huwezi kuthibitisha, mawazo yanafanana, ndo inaishia hapo. Wateja wachache waungwana wanalipa kitu kidogo kwa waliokosa, wapo, niliona mmoja.

Mitandao ya kijamii, wale mnaotaka kuingia upande huo, mjue kwamba ni kazi ya kutokulala kuliko zote, mteja anaona komenti mbaya saa sita usiku anakupigia wewe. Na ripoti kila mwisho wa mwezi, namba zipande tu zisishuke hata kama kimetokea nini nchini. X ilivyozimwa mwezi wa tano 2025 bado kuna mteja aliuliza kwa nini namba za X zimeshuka.

Watu wa pale lakini, sina la kusema baya. Ofisi yenye watu wanaocheka namna ile sijaipata tena. Huku niliko sasa mshahara unaingia tarehe 25 bila kukosa, kiyoyozi, bima nzuri, na saa sita mchana kila mtu anakula kimyakimya na simu yake. Kule tulikua tunakula wote meza moja, bosi naye, mtu wa gari naye, na kila wazo la maana la tangazo lilitokea pale mezani sio kwenye kikao. Bosi mwenyewe sio mtu mbaya, nilimuona ameuza gari yake mwezi mmoja mishahara itoke, hakumwambia mtu, tuliona tu kaja na bajaji. Ila kumuonea huruma bosi hakulipi kodi ya nyumba.

Kuondoka kulienda vizuri kuliko nilivyotegemea. Notisi ya siku 28, cheti cha utumishi nikapewa siku ya mwisho, hela za likizo na mshahara wa mwisho zikachelewa kidogo zikaja kwa awamu mbili. Kama zingekua hazijaja nilishauliza, madai ya mishahara unayapeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, ya kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30, na watu wengi wanapoteza haki kwa kusubiri ahadi mpaka siku zinaisha. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda ila uwe na sababu inayoeleweka, "bosi aliniambia nivumilie" sidhani kama utafika nayo mbali.

Kwahiyo niende au nisiende? Kama ndo unamaliza chuo, huna mtoto wala mdogo unayemsomesha, nenda. Kaa miaka miwili, mitatu ikizidi sana, jaza kazi zako kwenye faili, zitunze wewe mwenyewe sio kwenye laptopu ya ofisi. Kama una familia inayosubiri tarehe 30, fikiria mara mbili au tafuta ajensi yenye mteja mmoja mkubwa wa mkataba wa kila mwezi, maana hiyo ada ya mwezi ndo inalipa mishahara, kampeni za mojamoja hazilipi kitu kwa wakati.

Kwenye intavyuu usiulize kuhusu tuzo wala kuhusu "utamaduni wa ofisi", utapewa hotuba. Uliza mishahara ya mwezi uliopita ilitoka tarehe ngapi. Uliza wateja wa kudumu wangapi na wa kampeni wangapi. Uliza wateja wao wanalipa baada ya siku ngapi. Anayekuhoji akijibu palepale kwa namba, huyo anaijua ofisi yake. Akicheka akamuangalia mwenzake, endelea tu na intavyuu kwa heshima zote, ila wakifika kwenye swali la mshahara unaotegemea, taja wa juu.